Kabati la Bunduki la Walthamstow

Watu wa nyumbani nikiwaambia hawaamini, lakini mtu wa kawaida anaruhusiwa kumiliki bunduki Landani. Bastola hapana, hiyo sahau. Nasema ile bunduki ya marisau, shotigani, ya kupigia visahani vya udongo vinavyorushwa hewani Jumapili asubuhi huko mashambani Essex. Mimi ninayo. Imo ndani ya kabati la chuma lililokazwa ukutani katika chumba changu cha kulala, Walthamstow. Namna nilivyoipata ni habari niliyoificha kwa muda mrefu, na kuificha hakujanisaidia.

Aliyenitia shauku ni rafiki yangu mmoja, Mhindi wa Kenton. Amezaliwa Kisumu, ana duka la vifaa vya ujenzi, na Kiswahili chake anakizungumza kwa sauti ya mtu anayemwita mteja ng'ambo ya barabara. Siku moja alinipeleka kwenye klabu yao. Nikapewa bunduki ya kuazima, nikavunja visahani saba kati ya kumi, na wazee wa Kizungu waliovaa kofia za sufu wakanipigia makofi. Nilivimba kichwa, sitaficha. Kazi yangu ni kukaa kwenye chumba cha kuongozea mabasi, kuwaambia madereva wapunguze mwendo au waongeze, na kutukanwa siku nzima kwa redio na watu nisiowaona. Pale shambani nilijiona bwana kati ya mabwana.

"Chukua yako, bwana," aliniambia tukirudi. "Hii ni right yako. Kwa shotgun sheria inasema police lazima wakupe, mpaka wao ndio wakuwe na sababu ya kukataa. Si wewe wa kuomba-omba."

Maneno hayo yalinikaa. Nimeishi nchi hii miaka kumi na tisa, na kila nilichopata nilikipata kwa kuinama: viza, kazi, uraia, hata mkopo wa nyumba. Leo naambiwa kuna kitu ambacho wao ndio wenye kutafuta sababu. Nilikitaka kitu hicho kuliko nilivyoitaka bunduki yenyewe. Mke wangu, ambaye ni nesi na hana muda wa upuuzi, aliniuliza kuna nyati gani Walthamstow. Nikamwambia yeye hajui michezo ya watu wazima.

Nyumbani tulikuwa watu wazima watatu. Mimi, mke wangu, na dada mmoja wa Tanga tuliyekuwa tunakaa naye kwenye chumba kidogo cha juu. Hatukuwa na udugu wa damu. Mke wangu alikutana naye kwenye basi, wakasikiana lafudhi, na kabla basi halijafika stesheni walikuwa wameshaitana wifi. Alikuja huku kwa viza ya kulea wazee. Kampuni iliyomleta ikanyang'anywa kibali, na yeye akaandikiwa barua kwamba ana siku sitini za kutafuta mwajiri mwingine wa kumdhamini. Alizunguka nyumba za wazee kutoka Ilford mpaka Luton. Siku sitini zikaisha, naye akabaki. Sisi watu wa huku tunasema hana makaratasi.

Mimi nilijua. Sina pa kujificha kwenye hilo. Barua ile niliisoma mimi mwenyewe mezani kwangu, nikamtafsiria mstari kwa mstari, na tarehe ya mwisho niliizungushia duara kwa kalamu nyekundu ili asiisahau.

Tulisema tunamsaidia, na kweli hatukumtoza kodi. Lakini mke wangu akiwa zamu ya usiku na mimi nikiwa nimetoka kabla ya mapambazuko, ni yeye aliyewaamsha watoto, akawapeleka shule, akawapikia, akawafundisha kusema shikamoo, ingawa walimjibu kwa Kiingereza. Yeye naye alikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu aliyemwacha kwa bibi yake Pongwe, anayesomeshwa kwa mikono ya mama. Mwanasheria mmoja wa East Ham alikuwa anamwandalia ombi la kubaki. Alimwambia: karatasi zikishaingia, utakuwa na kinga kidogo, kabla hazijaingia, usijitokeze popote. Zilikuwa zimebaki wiki chache.

Na mimi ndani ya wiki hizo nikawa naomba bunduki.

Nilijaza fomu. Nilipata barua ya daktari kwamba sina wazimu. Mhindi wangu akaniandikia ushahidi kwamba mimi ni mtu mpole na mwaminifu. Nikanunua kabati, fundi akalikaza ukutani. Kisha nikaarifiwa kwamba afisa wa leseni wa polisi atakuja nyumbani Jumatano saa kumi jioni, aone kabati na azungumze na mimi.

Jumanne yake dada alinifuata jikoni. Alikuwa ameshika taulo la vyombo, analikunja na kulikunjua.

"Kaka, kesho nikakae library na watoto mpaka huyo mtu aondoke?"

"Kwa nini?"

"Si polisi, kaka?"

Nikacheka. "Wewe dada unatembea na hofu kama umeua mtu. Huyo ni mtu wa leseni, anakuja kuangalia kabati. Polisi ni kitu kingine na uhamiaji ni kitu kingine. Wewe nitengenezee vile vitumbua vyako, mgeni asiondoke hivi hivi."

Nilisema kwa ile sauti yangu ya kuongozea mabasi, sauti ya mtu anayeuona mji mzima kwenye kioo chake. Sikuwa na hakika ya nilichosema. Nilishawahi kusikia watu wakizungumza msikitini kwamba mtu alikwenda kituoni kushtaki wizi na akaishia kuulizwa viza yake. Niliyaweka kando kwa sababu nilitaka nyumba inukie iliki mgeni akiingia. Yeye akaitikia haya, akaenda kuloweka mchele.

Jumatano, mke wangu akiwa ametoka na watoto kwenda sokoni, akaja mama mmoja wa makamo, hana sare, ana mkoba mgongoni. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na kwa kitendo hicho kimoja nikamwamini. Alipanda juu, akalitikisa kabati, akauliza funguo zinakaa wapi na kama kuna mwingine anayejua. Akaniuliza kama nakunywa pombe, kama nakosa usingizi, kama mimi na mke wangu tunagombana. Akaniuliza nani wanaishi humu. Nikamwambia mimi, mke wangu na watoto wawili. Uongo huo nilikuwa nimeuandaa, nao ulitoka vizuri. Akaandika. Akasema haoni tatizo lolote, akafunga jalada lake na kusimama.

Hapo ndipo ingekwisha. Nimeirudia dakika hiyo kichwani mara nyingi kuliko ninavyorudia dua. Dada alikuwa chumbani kwake, amefunga mlango, kimya kabisa. Vitumbua alishaviacha jikoni vimefunikwa, na chai imo kwenye chupa. Nilichotakiwa kufanya ni kumfungulia yule mama mlango.

Lakini mimi nimelelewa Muheza, kwa baba aliyekuwa karani wa mahakama. Kwetu mtu wa serikali hakuondoka na mdomo mkavu, na hakuondoka kabla ya watu wote wa nyumbani kutoka ndani na kumsalimia, mmoja mmoja. Nyumba ambayo watu wake hawatoki ilionekana ina jambo. Na moyoni nilikuwa na furaha ya kijinga. Nimekubaliwa! Nilitaka mama wa watu aone kwamba kwangu kuna adabu, kuna chai, kuna wa kuileta chai.

Nikaita. "Dada! Njoo umsalimie mgeni!"

Kimya. Yule mama akasema asijisumbue mtu, ana safari nyingine. Mimi nikaita mara ya pili, kwa sauti zaidi, na kidogo nilikuwa na hasira kwamba natiwa aibu mbele ya mgeni. Ya kwanza ningeweza kusema ni mazoea yaliyonitoka. Ya pili sina la kusema.

Mlango wa juu ukafunguliwa. Akashuka, amejifunga mtandio vizuri, akapita jikoni, akaja na sinia. Akasalimia kwa kukunja goti kidogo, na Kiingereza chake cha pole pole. Yule mama akala kitumbua kimoja, akakisifu, akaongeza cha pili. Kisha akamtazama dada kwa tabasamu.

"Na wewe unaishi hapa?"

 Dada alinitazama mimi. Alinitazama mwenye nyumba, kaka, mtu aliyemwambia kwamba polisi ni kitu kingine.

Ningeweza kusema amekuja kutembea. Wageni huja kutembea kila siku, Walthamstow nzima imejaa wageni wanaotembea. Lakini mama yule alishaanza kulifungua tena lile jalada. "Hukumtaja," alisema, bado kwa upole. "Kwenye mambo haya uaminifu ndio kila kitu." Na mimi nikaiona leseni yangu inaondoka.

"Samahani," nikasema. "Nilisahau. Ndiyo, anaishi na sisi."

"Nahitaji jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu mzima."

Nilimtajia. Jina la kwanza, la baba, la babu, herufi moja moja, kwa sababu mama wa watu alikuwa hajui kuyaandika. Tarehe ya kuzaliwa nilikuwa naijua kwa moyo, kwani Machi ile tulimwokea keki. Hakuniuliza habari ya viza hata kidogo. Dada alikuwa amesimama na sinia mkononi, anasikiliza jina lake linavyoandikwa. Wahenga wamesema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Mgeni alipoondoka dada aliosha vikombe.

"Kaka, ameandika," alisema bila kugeuka.

"Ni utaratibu tu."

"Nafikiri niende kwa yule rafiki yangu Reading, wiki mbili tatu, mpaka karatasi ziingie."

Hapa pia ningeweza kujiokoa. Lakini mke wangu alikuwa na zamu za usiku mwezi ule wote, na mimi sikutaka kuomba ruhusa kazini kwa ajili ya kupeleka watoto shule. Nikamwambia atawatia watoto wasiwasi. Nikamwambia akikimbia ndiyo ataonekana ana kosa. Nikamwambia mimi ndiye ninayeijua nchi hii. Akasema haya kaka, na akabaki.

Walikuja wiki ya tatu, Jumanne, saa moja kasoro asubuhi. Siku hiyo sikuwa kazini. Mlangoni walisimama askari wawili wa hapa hapa kwetu, wenye sare, mmoja wao huwa namwona akipita sokoni. Nyuma yao walikuwa watu wa uhamiaji. Waliongea kwa heshima. Walimtaja dada kwa majina yake yote matatu, na kwenye karatasi yao yaliandikwa sawasawa, bila kosa la herufi.

Yeye alikuwa amekaa kwenye ngazi, binti yangu katikati ya magoti yake, anamsuka. Upande mmoja ulishakwisha, upande wa pili nywele zimesimama. Aliomba amalizie mistari mitatu iliyobaki. Wakamwambia haiwezekani. Akaweka kitana kwenye ngazi, akainuka.

"Daddy, where are they taking her?" binti yangu aliniuliza.

"Atarudi," nikasema.

Nilikuwa nimevaa pajama na nimesimama pembeni ili wapite. Hilo ndilo nililofanya, niliwapisha. Dada alipofika mlangoni aliniambia wali wa watoto umo kwenye friji, wasiule wa baridi.

Mke wangu alirudi kutoka kazini saa tatu, akamkuta mtoto yuko nyumbani, nusu ya kichwa imesukwa. Nikamweleza yote, na kuita mara ya pili nikamweleza. Alinisikiliza amesimama, koti lake bado mwilini.

"Ulimwita," alisema. "Amejifungia ndani, wewe ukamwita."

"Ni mazoea."

"Si mazoea. Ulitaka kuonekana."

Na ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa yule mama wa leseni akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ile ile nzuri. Alisema limetokea jambo kuhusu mtu anayeishi kwangu, na kabla hajamaliza faili langu anahitaji kuniuliza swali moja. Je, nilijua kwamba mwanamke yule hakuwa na ruhusa ya kuishi nchini?

Nilikuwa kwenye korido ya gereji, nje ya chumba cha kuongozea mabasi. Dereva mmoja alipita, akanipungia mkono. Nikaikumbuka kalamu nyekundu. Nikafikiri: nikisema ndiyo, leseni imekwenda, na pengine nitaitwa na mimi, mwenye nyumba anayeficha watu, na kazi, na watoto. Woga ulikuwepo. Lakini nikijipima kwa haki, cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa bunduki.

"Hapana," nikasema. "Sikujua kabisa. Nimeshangaa."

Akanishukuru kwa ushirikiano wangu.

Dada naye alipiga, kutoka kule wanakowaweka watu wa kurudishwa makwao, karibu na uwanja wa ndege. Mwanasheria alimwambia anaweza kuombewa dhamana, mradi apatikane mtu mwenye anwani, raia, asiye na doa, aandike barua kwamba anamfahamu, na kwamba akitoka atakaa kwake. Alinieleza hayo haraka haraka, simu ina dakika chache.

"Anwani yangu wanayo, kaka, ni ile ile ya kwako. Ni barua tu."

Barua gani ningeandika? Kwamba namfahamu, nimekaa naye miaka miwili, namwamini na watoto wangu, ila sijui alikuwa nani? Mtu haandiki hivyo baada ya kusema amepigwa na mshangao.

"Nitaangalia, dada," nikasema.

Kila Mswahili anajua maana ya nitaangalia. Akaniitikia: "Haya kaka. Usijali." Mke wangu aliposikia akasema ataandika yeye, nikamwambia tutapoteza nyumba, tutapoteza kazi, na usajili wake wa unesi utakwenda na maji. Nilimtisha mke wangu kwa mambo ambayo hata mimi sikuwa na hakika nayo. Akaandika hivyo hivyo, kwa mkono, usiku baada ya zamu, bila kuniambia. Ilifika siku mbili baada ya ndege iliyomrudisha dada kuondoka.

Leseni ikaja kwa posta. Mtu mwingine angeirudisha. Mimi niliisoma mara mbili, na mwezi uliofuata nikanunua bunduki. Yule Mhindi wangu wa Kenton, nilipomweleza, alisimamisha gari kando ya barabara.

"Kwani ungenyamaza tu, ingekuwa nini?" aliuliza. "Mimi ningeandika hiyo barua. Hukuniambia."

Sikuwa nimemwambia. Jumapili ile nilivunja visahani tisa na nikafurahi. Nilifurahi kabisa, kama mtoto, na furaha hiyo ndiyo inayoniaibisha kuliko yote.

Dada alipiga kutoka Tanga mwezi mmoja na nusu baadaye. Nilipoona jina lake kwenye simu nilitaka nisiipokee. Mke wangu alikuwa ananitazama, nikaipokea. Aliuliza hali ya watoto. Aliuliza kama binti yangu amepata wa kumsuka. Alisema binti yake mwenyewe amekuwa mrefu, siku ya kwanza walioneana aibu. Kisha akashusha sauti, kama mtu asiyetaka waliomo ndani wasikie.

"Kaka, kuna jambo. Walinihoji sana kuhusu wewe. Wananiuliza huyu mwenye nyumba alijua? Nikaogopa watakuharibia kile kibali chako, na kazi yako, na watoto. Nikawaapia. Nimeapa wallahi hukujua, nilikuficha."

Niligeuka, nikampa mke wangu mgongo.

"Lakini ni kiapo cha uongo, na mimi moyo ukawa hautulii. Nikamuuliza ustadhi wa hapa. Akaniambia kama huna cha kulisha maskini kumi, funga siku tatu, utubie. Nimefunga. Ya tatu nimemaliza jana, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, kaka. Limekwisha."

"Ahsante, dada," nikasema.

Nilisema hilo tu. Sikumwambia kwamba swali hilo hilo niliulizwa na mimi, nimesimama kwenye korido ya gereji, na jibu nililotoa lilikuwa lile lile lake. Mimi sijafunga hata siku moja.